Kalsiamu floridi: kuyeyuka, kumumunyuka na maji ya kunywa

Kalsiamu floridi (CaF₂) ni kampaundi isokaboni ya elementi mbili: kalsiamu, ambayo ni metali, na florini, ambayo ikiwa peke yake ni gesi kali yenye sumu. Ardhini hupatikana kama madini ya floriti. Ndani ya fuwele yake, kila ioni ya kalsiamu huzungukwa na ioni nane za floridi, na kila ioni ya floridi huzungukwa na ioni nne za kalsiamu. Mshikamano huo ni imara, hata madini hayo huhitaji zaidi ya nyuzi 1,400 za Selsiasi ili yayeyuke.

Hapa yafaa kutenganisha vitenzi viwili. Kitu kigumu kigeukacho kimiminika kwa joto huyeyuka. Kitu kitawanyikacho majini mpaka kisionekane humumunyuka. Lita moja ya maji humumunyua takriban gramu 40 za sodiamu floridi, lakini miligramu 16 hivi tu za kalsiamu floridi.

Tofauti hiyo inagusa afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Ikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto hutokea na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa sana mifupa huathirika. Maji yenye kalsiamu ya kutosha huizuia floridi isizidi, kwa kuwa ioni hizo mbili huungana na kutua kama mashapo. Katika sehemu za Bonde la Ufa, kama vile maeneo ya Arusha, maji yapitayo kwenye miamba ya volkano mara nyingi huwa na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Floridi hukosa wa kuifunga, ikabaki majini. Kuchemsha hakuiondoi: maji hutoka kama mvuke, nayo hubaki chunguni.

Kwa hiyo “maji yenye florini” ni tafsiri potofu: florini ni elementi, na iliyomo majini ni ioni yake, floridi. Wala isiitwe “madini joto”, jina lililokwisha kuzoeleka kwa iodini ya chumvi. Msomaji anayehimizwa kutumia madini joto asije akadhani anahimizwa kunywa floridi.