Mteja wa nje hali peke yake: vitu 5 vya kuzingatia ukituma vitafunwa

Wapambanaji wenzangu, leo nataka tuongee na wale tunaouza visheti, kashata, ubuyu, korosho na vitu vya aina hiyo kwa Watanzania walioko nje. Nina kisa kimoja kilinifundisha biashara kuliko posti zote nilizowahi kusoma.

Kuna mteja wangu anasoma Uingereza. Aliagiza visheti, kashata na ubuyu, mzigo ukafika salama, mimi nikajua kazi imeisha. Siku mbili baadaye, saa nne usiku, inaingia meseji: "Dada, visheti vyako vina karanga? Nijibu haraka."

Mkono ulishaanza kuandika "hapana." Maana visheti vyangu ni unga wa ngano, tui, iliki, mafuta na shira. Karanga hamna. Halafu nikakumbuka: meza niliyokatia visheti ndiyo ile ile niliyomwagia kashata za karanga asubuhi yake. Na sinia lilikuwa moja.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema amekaribisha wenzake chumbani waonje vya nyumbani, na mmoja ana aleji ya karanga, akila kidogo tu anaweza kukosa pumzi. Nikamwambia mwambie asiguse kabisa, hata ubuyu, nimefunga sehemu moja.

Yule rafiki alikaa anaangalia wenzake wanakula. Mteja hakunilaumu, ila mimi sikulala. Ningejibu haraka haraka ili nionekane bidhaa yangu haina shida, ingekuwaje?

Hapo ndipo nilielewa kitu. Mtu wa nje haagizi kilo tatu za visheti ale peke yake. Anataka kuwaonjesha rafiki zake, aseme "hiki ndicho tunakula kwetu." Kwa hiyo chakula chako kinafika kwa watu wasiokujua, wasiojua Kiswahili, na wasiojua hicho kitu kinaliwaje. Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo haya:

1. Lebo ya vilivyomo, bila kuficha.
Uingereza na Umoja wa Ulaya wana orodha ya vyakula 14 vinavyoleta aleji ambavyo muuzaji lazima avitaje. Vyetu vingi vimo: karanga, korosho, ufuta, ngano, maziwa, mayai, soya, samaki. Mimi naandika viungo vyote kwa Kiswahili na Kiingereza, na chini yake naongeza kwamba jikoni kwetu tunatumia karanga. Hata kama siku hizi kashata napika siku yake na meza naiosha, bado naandika. Kupoteza oda moja ni bora kuliko kumdhuru mtu.

2. Kikaratasi cha jinsi ya kula.
Mteja huyo huyo aliniambia rafiki yake mwingine aliutafuna ubuyu na mbegu yake, kidogo avunje jino! Sisi tunajua unamung'unya, unatema mbegu. Yeye atajuaje? Sasa naweka kikaratasi kidogo: hiki ni nini, kimetengenezwa na nini, kinaliwaje, kina pilipili au hakina. Kwenye ubuyu naandika pia "baobab", maana Ulaya unga wake uliruhusiwa kuuzwa tangu 2008 na wapo wanaoujua kwa jina hilo. Watu wanapenda kusoma hivyo vikaratasi, na jina la duka lako linabaki mikononi mwao.

3. Pakiti ndogo ndogo.
Badala ya mfuko mmoja wa kilo, nafunga pakiti za kugawa. Anampa huyu moja, yule moja, na zilizobaki hazipati hewa. Ila visheti vipoe kabisa kwanza. Ukifunga vya moto, mvuke unabaki ndani, vinalainika kabla hata havijapanda ndege.

4. Piga hesabu ya boksi.
Hapa nimepoteza hela sana. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitozi uzito wa mzani peke yake. Wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, halafu wanachukua namba iliyo kubwa. Mzigo wangu wa kilo 4 niliuweka kwenye boksi la 40 × 30 × 30. Hiyo ni 36,000, gawa kwa 5000 unapata 7.2. Nikalipia kilo 7.2! Ningetumia boksi la 30 × 25 × 20 ningepata 3, kwa hiyo ningelipia zile 4 tu. Wapo wanaogawa kwa 6000, hivyo muulize wakala wako kabla hujatoa bei kwa mteja.

5. Jua kisichoruhusiwa.
Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu vifurushi vya watu vyenye nyama au maziwa kutoka huku kwetu. Nyama kavu, jibini na samli usiweke, hata mteja akikubembeleza vipi. Mimi visheti vya kwenda huko nakaangia mafuta ya kula, samli nawaachia wateja wa hapa nyumbani. Na hizi ni habari za kifurushi cha mtu na rafiki zake. Ukitaka kuuza kwenye maduka ya kule, hiyo ni safari nyingine ya vibali, anza kwa kuuliza TBS.

Yule mteja bado ananunua kwangu. Oda yake ya mwisho aliomba ubuyu peke yake, upikwe na kufungwa siku ambayo karanga haijaingia jikoni. Nikamwambia ukweli: nitasafisha kila kitu, lakini jiko ni lile lile na lebo itabaki vile vile, kwa hiyo rafiki yako asile. Akajibu, "Sawa dada, ndiyo maana nakuuliza wewe."

Wewe unatuma nini nje, na mteja aliwahi kukuuliza swali gani ukakosa jibu? Andika hapo chini tujifunze. Na mtumie mwenzako anayefunga mzigo wiki hii.