Rangi ya Oili Haipimi Injini

Swali ni lile lile, liulizwe Mwanza, Tanga au Mombasa: “Oili imeshakuwa nyeusi, tuimwage?” Analiuliza msimamizi wa jenereta, analiuliza dereva wa greda, analiuliza meneja wa kiwanda cha kusaga nafaka huku amemnyooshea fundi kijiti cha oili, tone jeusi likining'inia kwenye ncha. Wataalamu wa vilainishi wamelijibu hadi wamechoka. Siku hizi wengi wao hurudisha swali: imekuwa nyeusi kwa sababu gani? Hapo ndipo mazungumzo hukwama, maana rangi haitaji sababu.

Injini ya dizeli haina budi kuitia oili weusi. Dizeli ikiungua huzaa masizi, na sehemu ya masizi hayo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye oili. Oili iliyotengenezwa vizuri ina viambato vya kuyashika masizi yakiwa chembe ndogo mno, yaelee bila kugandamana mpaka siku ya kumwagwa. Isitoshe, kila oili inapobadilishwa, kiasi fulani cha ile ya zamani hubaki kwenye njia za ndani ya injini na kuipaka rangi ile mpya. Ndiyo maana oili iliyotiwa asubuhi huweza kuwa nyeusi jioni na bado ikawa nzima kabisa. Weusi huo ni dalili kwamba oili inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Anayemwaga oili kwa kuogopa weusi hupoteza pesa za oili, za filta na saa za kazi. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa humpata yule anayeona oili inang'aa akaamini mtambo wake uko salama.

Jicho la binadamu, bila msaada wa hadubini, huishia kwenye chembe za mikroni 40 hivi. Unywele mmoja una unene wa mikroni 70 kwa makadirio. Lakini ndani ya beringi na valvu za haidroliki, utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma mara nyingi huwa wa mikroni chache tu. Chembe inayosaga mtambo kwa kasi ni ile inayotoshea kwenye nafasi hiyo, na hiyo haionekani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4406 huhesabu chembe hizo katika kila mililita ya oili. Namba 18 mwanzoni mwa kipimo humaanisha kuna chembe kati ya 1,300 na 2,500 zinazozidi mikroni 4. Namba 21 humaanisha kati ya 10,000 na 20,000. Tia oili hizo mbili kwenye chupa safi, uziinue dirishani. Zote mbili zitapitisha mwanga vizuri, ilhali ya kwanza inaulinda mtambo na ya pili inautafuna.

Maji nayo hudanganya. Oili ya haidroliki ikigeuka kama maziwa, kila mtu hushtuka, lakini kufikia hapo maji yamekwishazidi kiasi ambacho oili inaweza kukiyeyusha. Beringi huanza kuumia kabla oili haijapata ukungu wowote.

Kuna na kipimo cha vidole: fundi anachovya, anasugua kidole gumba na cha shahada, kisha anatangaza kuwa oili “imekuwa nyepesi.” Nyepesi ikilinganishwa na ipi, na katika joto gani? Oili ya kawaida ya 15W-40 huwa na mnato wa sentistoki 110 hivi kwenye nyuzi 40 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 100 hubaki na 14 au 15. Oili ile ile, siku ile ile, mnato umeshuka zaidi ya mara saba kwa sababu ya joto peke yake. Kibaya zaidi, dizeli inayovuja kutoka kwenye nozeli huilegeza oili wakati masizi yanaikaza, na madhara hayo mawili yanaweza kufichana hata mnato ukasomeka wa kawaida ilhali injini ina matatizo mawili kwa mpigo. Ikiwa kifaa cha maabara kinaweza kudanganyika kwa kipimo kimoja, kidole kitasema nini?

Hakuna daktari anayepima malaria kwa kutazama wekundu wa damu. Wenye mitambo ya mamilioni hawana sababu ya kukubali kipimo cha namna hiyo.

Kupima oili maabarani si jambo geni. Mwaka 1946, shirika la reli la Denver and Rio Grande Western huko Marekani lilianza kuchunguza kwa spektromita oili ya vichwa vyake vya treni vya dizeli. Oili ya dizeli huwa nyeusi kwenye kichwa kizima na kwenye kibovu, hivyo rangi isingewasaidia kitu. Walichotafuta ni madini: shaba, risasi au chuma kikianza kupanda, kuna kipande ndani kinachoisha. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Majini la Marekani likauchukua utaratibu huo kwa injini za ndege.

Kila madini yana kwao. Chuma hutoka kwenye silinda, krankshafti na gia. Risasi na bati hutoka kwenye beringi, kromiamu kwenye ringi, aluminiamu kwenye pistoni. Silikoni mara nyingi ni vumbi la barabarani. Sodiamu na potasiamu zikipanda pamoja, dawa ya radieta imeingia kwenye oili.

Chukua mfano wa ripoti nne za injini moja. Chuma kinasomeka sehemu 18 kwa milioni, kisha 21, kisha 20, kisha ghafla 58. Silikoni iliyokuwa 6 imefika 31, na aluminiamu na kromiamu zimeifuata. Injini hiyo inavuta vumbi. Anayesoma vizuri haanzi kwa kufungua injini; anakwenda kwenye mpira wa hewa uliolegea klempu, au filta ya hewa iliyotobolewa kwa kupulizwa na kompresa. Shaba peke yake ikipanda katika injini mpya, huenda inatoka tu kwenye kipozea oili, na kufungua injini kwa ajili yake ni kuibomoa bure. Namba moja haisemi mengi. Mfululizo wa namba ndio unaosema.

Spektromita ina mpaka wake pia: chembe zinazozidi mikroni 5 hadi 10 huipita bila kusomwa vizuri. Kwa giaboksi kubwa, omba na kipimo cha chembe za sumaku, na filta inapotolewa ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe na kukaguliwa.

Kwa anayetaka kuanza: baadhi ya wauzaji wakubwa wa mitambo na wa oili hupokea sampuli, waulize. Injini ipimwe kila saa 250, giaboksi na haidroliki kila saa 500. Chukua sampuli mtambo ukiwa wa moto, ukiwa unanguruma au muda mfupi baada ya kuzimwa, sehemu ile ile kila mara, na usikinge matone ya kwanza au ya mwisho ya oili inayomwagwa. Tumia chupa safi yenye kifuniko na mpira mpya wa kuvutia oili. Andika saa za mtambo, saa za oili, aina ya oili na lita zilizoongezwa. Peleka pia sampuli ya oili mpya kutoka kwenye pipa, iwe ya kulinganishia. Tuma siku hiyo hiyo. Chupa iliyokaa kabatini mwezi mzima inaleta habari za mwezi uliopita. Ripoti ikionyesha silikoni imepanda, kagua filta ya hewa na klempu zake kabla mtambo haujawashwa tena, kisha rudia sampuli baada ya saa 50.