Mizani ya Mwili na Masomo ya Mtoto

Walimu wa madarasa ya chini wanamjua vizuri mtoto ambaye, ingawa maungo yake ni kamili na macho yake hayana ila, hujikwaa penye sakafu iliyo sawa, hushindwa kufunga vifungo vya shati lake, humwaga uji akikinyanyua kikombe, na akishika kalamu huikandamiza hata karatasi ikatoboka. Na kwa kuwa aghalabu yeye ndiye achelewaye kusoma, hukumu hupita upesi kwamba ni mvivu, ilhali kabla kengele ya mapumziko haijalia amekwisha kutaabika kuliko wenziwe wote. Watoto wenye udhaifu huu wa kuratibu viungo hukadiriwa kuwa watano au sita katika kila mia.

Kusimama wima, jambo tulionalo jepesi, hutegemea mashahidi watatu: macho, neva zilizomo katika misuli na maungio, zituarifuzo mguu uko wapi pasipo kuutazama, na sikio la ndani, lenye mifereji mitatu iliyopindana mfano wa pete, ambayo maji yake, kichwa kigeukapo, hubaki nyuma kidogo, na kwa kubaki huko ubongo ukatambua mgeuko. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, huusawazisha ushahidi huo, na kwa mtu aliyekwisha kuzoea haulazimiki kuisumbua fikira.

Na asiyezoea je? Mwaka 1990 Roderick Nicolson na Angela Fawcett, wa Sheffield huko Uingereza, walieleza jinsi walivyowapima watoto wenye disleksia, yaani taabu ya kusoma isiyotokana na upungufu wa akili, kwa kuwasimamisha juu ya boriti nyembamba. Waliposimama tu, hawakuachwa mbali na wenzao. Walakini walipoamriwa wahesabu kinyumenyume huku wamesimama, wakayumba. Wataalamu hao wakatoa dhana kwamba kile ambacho kwa wengine kimekuwa mazoea, kwa watoto hawa bado kinanunuliwa kwa fikira. Raberger na Wimmer, wa Austria, mwaka 2003 waliipinga kwa hoja nzito, wakisema kuyumba huko hufuatana na upungufu wa umakini kuliko disleksia yenyewe. Nami naona pingamizi lao lina haki, ijapokuwa habari ya fikira kugharimika haikuanguka kwalo.

Hapo ndipo waingiapo wauza tiba, wakidai kwamba mtoto akizoezwa kutembea juu ya boriti atajua kusoma. Kavale na Mattson walikusanya tafiti 180 za mazoezi ya namna hiyo, na katika mwaka 1983 wakaonyesha kwamba faida yake kwa masomo ilikuwa karibu na sifuri. Atakaye mtoto asome, na amfundishe kusoma. Atakaye afunge vifungo, na amfundishe vifungo vyenyewe, tundu moja baada ya moja, kwa subira, kwanza shati likiwa mezani, kisha mwilini.

Darasani yako mambo madogo yasiyohitaji fedha. Asitakiwe kusikiliza na kunakili ubaoni kwa wakati mmoja. Na kama amekalishwa dawati refu miguu ikaning'inia, sehemu ya fikira yake iko katika kutoanguka: awekewe tofali chini ya nyayo, ndipo aulizwe herufi.