Ngoma Iliyonyamazishwa Bila Risasi

Askari anayeijua kazi yake haulizi tu adui ana bunduki ngapi. Huuliza pia ni kitu gani kinachowafanya watu wa nchi wasimame pamoja. Wakoloni walioitawala Burundi walijiuliza swali hilo mapema.

Wajerumani walitumia silaha. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kusalimu amri na kutozwa faini ya ng'ombe 424. Hata hivyo alibaki na ingoma, neno ambalo katika Kirundi maana yake ni ngoma na pia ufalme.

Kila Desemba, katika sherehe ya Umuganuro, Mwami alionja ugali wa mtama, ngoma takatifu Karyenda ikitolewa mbele ya watu, na nchi nzima ikapata idhini ya kupanda. Mkulima wa Muyinga, mbali kule kaskazini-mashariki, aliingoja idhini ile ile aliyoingoja jirani wa Gitega. Karibu na Gitega, katika kilima cha Gishora, zilitunzwa ngoma Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza ni la anayefyekewa msitu; la pili ni la anayelimiwa. Ibada, jembe na serikali vilikuwa kitu kimoja, na aliyegusa kimoja aligusa vyote.

Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mugera, katika nchi ya Gitega, mwaka 1899. Warundi walimjua Imana, Muumba, kabla hawajamwona padri hata mmoja. Lakini kubandwa, ibada ya kumwomba Kiranga apeleke haja zao kwa Imana, ilihukumiwa kuwa kazi ya shetani. Wabelgiji, walioitwaa nchi mwaka 1916, waliwapendelea machifu waliobatizwa, na mwishoni mwa miaka ya 1920 Umuganuro ukakomeshwa. Mwambutsa alibaki na kiti. Kilichokipa kiti hicho uzito kilikuwa kimeondolewa, na hapakufyatuliwa risasi.

Risasi zilihitajika baadaye. Mwaka 1934, huko Ndora, mwanamke aitwaye Inamujandi aliwaongoza watu katika uasi, akitabiri mfalme mpya. Uasi ukavunjwa kwa nguvu. Upande wa Muyinga, mpaka wa Wabelgiji na Waingereza uliikata Bugufi na kuitia Tanganyika, na watu wa Mwami mmoja wakawa na mabwana wawili.

Mwaka 1955, Gitega ilipata jumba la makumbusho, na vyombo vya kifalme vikawekwa humo vitazamwe. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1966. Watimbo wa Gishora hawakuacha kupiga, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Amri ya serikali ya mwaka 2017 iliagiza ngoma hizo zipigwe katika sherehe rasmi, na anayezitaka kwa shughuli yake aombe kibali.