Mbwa Ajikunaye Wakati wa Kiangazi

Wenye mbwa wa Bukiriro, na wa nchi yote ya Ngara na Biharamulo, wajua ya kuwa toka Juni mpaka Agosti mvua hukoma, hewa hukauka, na usiku milimani huwa na baridi. Ndipo mbwa wengi huonekana wakijikuna mchana kutwa. Watu husema, "Ni kiangazi tu, ngozi imekauka." Pengine ni kweli, walakini pengine sivyo, na kosa hilo laweza kuwaletea watoto nyumbani upele. Basi kabla ya kupaka dawa yo yote, mtazame mbwa penye mwanga, funua manyoya yake, ukaangalie ajikuna wapi.

1. Mgongoni na mbavuni. Ukiona mba mweupe kama unga, lakini manyoya hayatoki wala hakuna vidonda, yaelekea ni ukavu. Huletwa na hewa kavu, kulala karibu na moto, kuogeshwa mara nyingi kwa sabuni ya kufulia, na kula ugali mtupu. Usimwogeshe ila amechafuka, kisha umsuuze sana. Mpe maji safi daima. Changanya ugali wake na dagaa wasiotiwa chumvi, au kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Usitazamie nafuu kwa siku mbili. Ngozi hutengenea baada ya mwezi mmoja au miwili.

2. Kiunoni na penye shina la mkia. Hapo ni mahali pa viroboto. Mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa: punje nyeusi zikitoa wekundu, ni mavi ya viroboto yenye damu. Kwa kuwa watoto wa viroboto hukua katika vumbi la malazi, haitoshi kumtibu mbwa peke yake. Fagia anapolala, choma matandiko yaliyochakaa, na mengine uyafue na kuyaanika juani.

3. Ncha za masikio, viwiko na tumbo. Manyoya yakitoka na ngozi ikawa nene yenye magaga, shuku upele. Huletwa na utitiri mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao huchimba ndani ya ngozi. Huambukiza mbwa wengine, na watu wamshikao huweza kuwashwa. Mtenge na watoto, ukamwite Bwana Mifugo upesi. Mbwa wote wa nyumba watibiwe pamoja, na dawa irudiwe kama alivyoagiza, hata kama mbwa aonekana amepona, kwa maana mayai yaliyosalia huanguliwa baadaye.

Katika hali zote tatu, usimpake mbwa mafuta machafu ya motokaa, wala mafuta ya taa, wala dawa ya josho la ng'ombe iliyopimwa kwa kukisia. Mbwa hujilamba, na sumu humwingia tumboni.

Niliwahi kumwona mbwa aliyepakwa mafuta ya motokaa kwa ajili ya mba tu. Ngozi ilibabuka, akaacha kula, akafa kabla mvua hazijarudi. Mwenyewe alikosa mlinzi, na nguruwe wa mwitu wakaimaliza mihogo yake. Kijiko cha mafuta ya kupikia kingalimtosha mbwa yule.