Delaware: Kabla ya kupanga nyumba, ulizia shule

Ndugu aliyetangulia Marekani anapopiga simu kusema ameona nyumba nzuri Delaware, wazazi wengi huuliza kwanza kodi ni kiasi gani. Wenyeji wa jimbo hilo wangeanza na swali jingine: nyumba iko upande gani wa mfereji?

Delaware ni jimbo dogo, kwa udogo linazidiwa na Rhode Island tu. Lina kaunti tatu na watu takriban milioni moja, na urefu wake ni kama kilomita 154, pungufu ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Ila limekatwa na mfereji wa meli unaounganisha Mto Delaware na Ghuba ya Chesapeake, na maisha ya pande hizo mbili hayafanani.

Kaskazini kuna Wilmington, mji wa benki na mahakama, pamoja na Newark yenye Chuo Kikuu cha Delaware. (Newark hii hutamkwa kama maneno mawili, ukiitamka kama ile ya New Jersey, watajua umefika jana.) Kuna mabasi, na treni ya kwenda Philadelphia. Familia isiyo na gari ianzie huku, maana kusini bila gari ni mateso. Anayefanya kazi ndani ya Wilmington ajue kwamba mji nao hukata asilimia 1.25 ya mshahara.

Panapowatatiza wazazi zaidi ni shule. Wilmington imegawanywa kati ya wilaya nne za elimu: Brandywine, Red Clay, Christina na Colonial. Mgawanyo huo ulitokana na kesi za kukomesha ubaguzi wa rangi shuleni, na ukaanza mwaka 1981. Matokeo yake, familia mbili za mji mmoja huweza kuwa na watoto katika wilaya tofauti kabisa, wengine wakipanda basi kila asubuhi kwenda vitongojini. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, mzazi apeleke anwani kamili kwenye ofisi ya wilaya na kuuliza mtoto atasoma wapi. Neno la dalali lisitoshe.

Sheria ya jimbo inamruhusu mzazi kuomba shule nje ya eneo lake iwapo nafasi ipo. Maombi hupokelewa kuanzia Novemba hadi Januari, kwa mwaka wa masomo unaofuata. Aliyehamia baadaye anaweza kuomba kwa kueleza sababu, lakini nafasi nyingi huwa zimekwisha. Tena usafiri wa mtoto huyo mara nyingi humwangukia mzazi, jambo gumu kwa wanaofanya kazi za zamu.

Kusini tu ya mfereji ipo Middletown, iliyokuwa na wakazi 6,161 mwaka 2000 na kupita 20,000 kufikia 2020. Nyumba ni mpya na familia changa ni nyingi, lakini foleni ya kwenda kazini kaskazini inachosha, na Barabara Namba 1 ina malipo. Dover, makao makuu ya jimbo, ni tulivu zaidi. Kaunti ya Sussex ina fukwe na viwanda vya kuku, biashara iliyoanza mwaka 1923 baada ya Cecile Steele kuagiza vifaranga 50 akaletewa 500. Kazi za hoteli za ufukweni hupungua sana kiangazi kikiisha. Asihamie huko anayezitegemea mwaka mzima.

Kwa matembezi, jumba la makumbusho ya ndege Dover halina kiingilio. Cape Henlopen, karibu na Lewes, ina ufuko na mnara wa Vita Kuu ya Pili ambao watoto huupanda. Julai fikeni mapema, maegesho hujaa. Bombay Hook iachwe hadi Novemba, bata bukini weupe wanapojaa. Kiangazi nzi wake wanauma.

Makoti ya baridi yanunuliwe hukohuko, kwani Delaware haitozi kodi ya mauzo. Kadi ya chanjo na cheti cha kuzaliwa visafiri kwenye begi la mkononi. Shule itavitaka siku ya kuandikisha, pamoja na uthibitisho wa makazi.