Meridjo Belobi: mdundo wake uko kila sherehe, jina lake linasahaulika

Kwenye sherehe yoyote hapa Yanonge, Isangi ao Kisangani, wimbo ukifika kwenye sebene watu wanasimama. Gitaa la solo linapanda, atalaku anaanza kuita, na nyuma yao kuna ngoma moja ndogo inayopigwa haraka-haraka bila kupumzika. Majina ya waimbaji wengi wanayajua. Jina la mpiga gitaa wanalijua wachache. Lakini yule anayepiga ile ngoma ni nani? Hapo watu wananyamaza.

Ule mdundo unaitwa kavasha. Na mtu ambaye jina lake limeshikamana nao kuliko wengine ni Meridjo Belobi, mpiga bateri wa orkestra Zaïko Langa Langa ya Kinshasa.

Ili kuelewa kazi yake, turudi nyuma kidogo. Katika rumba ya wakubwa, ile ya miaka ya 1950 na 1960, mdundo ulishikwa sana na tumba, zile ngoma ndefu za kupigwa na mikono, pamoja na maraka. Mbele kulikuwa waimbaji, magitaa, saksafoni na tarumbeta. Bateri, hata pale ilipokuwepo, ilisindikiza tu.

Zaïko ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Ilikuwa orkestra ya vijana, wengi wao wa masomo, waliosikiliza pia rok na muziki wa watu weusi wa Marekani. Wao waliondoa saksafoni na tarumbeta. Nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na sauti za waimbaji wengi, magitaa, na bateri. Njo hapo mpiga bateri alipata kazi mpya: kusukuma orkestra nzima.

Kavasha yenyewe ilitoka wapi? Simulizi inayojulikana zaidi ni ya treni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zaïko walisafiri kwa reli ya Kongo ya ngambo, ile inayounganisha Brazzaville na Pointe-Noire. Inasemwa kwamba mlio wa magurudumu juu ya reli uliingia katika masikio ya wanamuziki, na Meridjo akaupeleka kwenye bateri. Mwimbaji Evoloko naye anatajwa sana katika mwanzo wa kavasha.

Ukitaka kuisikia vizuri, fanya hivi. Hesabu moja, mbili, tatu, ine kwa mguu, sawasawa. Hiyo ni kazi ya ngoma kubwa ya chini. Sasa sikiliza ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma, ile wapigaji wanaita kesi kleri. Mapigo yake hayaanguki yote pamoja na mguu. Mengine yanaingia katikati, kisha mzunguko unarudi mwanzo, tena na tena, kama treni isiyofika gari. Mwili unabaki unatafuta pa kukanyaga, na huko kutafuta njo kucheza.

Mdundo huu haukubaki Kinshasa. Orkestra za Wakongo waliohamia Nairobi, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, walipiga kavasha katika miaka ya 1970 na 1980, na waliimba pia katika Kiswahili. Ndiyo maana mzee wa Mombasa ao wa Dar es Salaam anaweza kuicheza bila hata kujua imetoka wapi.

Meridjo alibaki Zaïko kwa miaka mingi. Orkestra ilipogawanyika mwaka wa 1988, wengine wakaenda kuunda Familia Dei, yeye alibaki upande wa Nyoka Longo. Mwenzake Bimi Ombale alikuwa amefuata njia nyingine: aliingia Zaïko kama mpiga bateri, kisha akasogea mbele kuimba. Ni kama mwimbaji, watu wanamkumbuka.

Hata Ulaya na Amerika ni vile vile. Phil Collins aliingia kikundi cha rok cha Genesis mwaka wa 1970 kama mpiga bateri. Dunia nzima ilimjua baada ya kushika mikro kuanzia 1975. Neil Peart, mpiga bateri wa kikundi cha Rush cha Kanada aliyefariki mwaka wa 2020, ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo zao nyingi. Kwa hiyo jina lake liliandikwa kama mtunzi.

Hapa njo kuna shida yenyewe. Mara nyingi mtunzi wa wimbo ni yule aliyeleta maneno na melodi. Mdundo peke yake ni vigumu kuuandikisha kwa jina la mtu. Kila mtu anaupiga, na aliyeuanzisha hapati kitu.

Wazee wetu wa mto walifanya tofauti. Ngoma ya mti, lokole, ina midomo miwili, sauti moja ya juu na moja ya chini, kwa sababu lugha kama Kilokele ina sauti hizo mbili. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alieleza hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1949. Aliandika pia kwamba kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, lenye kutaja na wazazi wake. Ngoma haikupeleka habari bila kusema ni ya nani.

Katika inchi yetu, sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda watunzi, na pia wale wanaopiga na kuimba. Shirika la SOCODA, lililoundwa mwaka wa 2011, linashughulikia haki hizo. Lakini kazi inaanza na karatasi. Kwa vijana wanaopiga bateri makanisani na katika vikundi vya hapa: kabla ya kuingia studio, muandike tarehe, jina la wimbo, na jina la kila mmoja pamoja na chombo alichopiga. Kila mtu atie sahihi na abaki na nakala yake. Muziki ukishatoka na kuanza kutembea katika simu za watu, ni kuchelewa.